Deni la Goose: uchambuzi wa kisa cha Top Gun: Maverick

Mapema katika Top Gun: Maverick, Kapteni Pete Mitchell, rubani wa wanamaji anayeitwa Maverick na aliyechezwa na Tom Cruise, anaingia baa na kuweka simu yake juu ya kaunta. Kengele inagongwa. Sheria ya baa ile ni kwamba anayeweka simu pale anawanunulia vinywaji wote waliomo. Anatoa kadi ya benki, kadi inagoma. Marubani vijana wasiomjua wanambeba msobemsobe na kumtupa nje, kwenye mchanga wa ufukweni. Anajikung'uta, anainuka, na hapo anasikia piano. Anachungulia dirishani. Ndani kuna kijana mwenye masharubu na shati la maua, anapiga wimbo uleule ambao baba yake aliupiga katika filamu ya mwaka 1986, huku mtoto mdogo akiwa amekalishwa juu ya piano. Mtoto yule ndiye huyu mwenye masharubu.

Nimelirudia tukio hili mara nyingi kuliko mapigano yote ya angani yaliyomo humo. Mtu ametupwa nje kwa deni la vinywaji, na akiwa bado ana mchanga kwenye suruali anakutana na deni lingine, la zamani, ambalo hakuna kadi inayoweza kulilipa. Kwangu mimi moyo wa filamu nzima uko pale dirishani. Na nadhani jibu la swali linalonisumbua kila steringi mkongwe anaporudishwa kwenye skrini liko palepale: kwa nini mwendelezo huu, uliochelewa miaka 36, ulifaulu, wakati mingine mingi yenye majina makubwa ilitoka na kufa ndani ya wiki mbili?

Kilichoachwa mwaka 1986

Top Gun ya kwanza ilitoka Mei 1986. Mwongozaji alikuwa Tony Scott, Mwingereza aliyekulia kwenye matangazo ya biashara, na watayarishaji walikuwa Don Simpson na Jerry Bruckheimer, chini ya kampuni ya Paramount. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 15. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 350 duniani, na Marekani hakuna filamu ya mwaka ule iliyoipita kwa mapato. Tom Cruise alikuwa na miaka 23.

Hadithi yake, tukisema kweli, ni nyembamba. Rubani mwenye kiburi anapelekwa shule ya marubani bora wa Jeshi la Wanamaji, anashindana na mwenzake anayeitwa Iceman, anampenda mwalimu wake, kisha anatungua ndege za adui. Waliotazama wanakumbuka machweo ya rangi ya chungwa, muziki, miwani ya jua na pikipiki. Na wanakumbuka kifo kimoja.

Kifo hicho kinahitaji kuangaliwa kwa karibu. Maverick yuko kwenye mazoezi, anaendesha F-14, ndege ya viti viwili. Kiti cha nyuma yuko rafiki yake Goose, yaani Bata Bukini, mtu wa utani, mwenye mke na mtoto. Wanamfuata Iceman kwa karibu mno, wanaingia kwenye mkondo wa hewa inayotoka kwenye injini za ndege yake, na injini zao zote mbili zinazimika. Ndege inaanza kuzunguka kama jani lililodondoka. Wanajirusha. Goose anagonga kichwa kwenye kifuniko cha kioo na kufa. Tume inamwondolea Maverick lawama. Mjane anamfariji. Mwishoni anatupa baharini vibao vya utambulisho vya marehemu, muziki unapanda, na filamu inatuaga kana kwamba mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Kulikuwa na mtoto. Kamera ilimwonyesha pale juu ya piano, ikaondoka, isimrudie tena. Filamu iliyojaa ushindi iliacha yatima mmoja nyuma yake, na kwa miaka thelathini na ushee hakuna aliyemuulizia.

Nasisitiza hili kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu mwendelezo wa filamu maarufu huanzia pabaya. Watu huuliza nani atarudi, gari gani litarudi, wimbo gani utapigwa tena. Hayo ni mapambo. Linalotangulia ni kuuliza ndani ya hadithi ya zamani ni nani alidhulumiwa na akasahaulika. Ukimpata, una filamu. Usipompata, una sherehe ya kumbukumbu, na sherehe haimfanyi mtu akae ukingoni mwa kiti.

Miaka iliyoliwa

Kulikuwa na sababu ya kuchelewa. Mwaka 1990 Cruise mwenyewe alisema kwamba kutengeneza Top Gun ya pili, ya tatu na ya nne kungekuwa kukosa uwajibikaji, kwa kuwa baadhi ya watu waliiona ile ya kwanza kama tangazo la jeshi na hakutaka vijana wadhani vita ni mchezo. Januari 1996 Don Simpson akafariki. Mwaka huohuo shule yenyewe ikahamishwa kutoka Miramar, San Diego, kwenda Fallon, Nevada. Mwaka 2006 Jeshi la Wanamaji likaistaafisha F-14. Paramount ilipolifufua wazo mwaka 2010, Tony Scott alikubali kurudi, na mwaka 2012 yeye na Cruise walitembelea kituo cha ndege za wanamaji huko Nevada kwa ajili ya utafiti. Agosti mwaka huo Scott akafa. Mradi ukalala.

Kuna imani kwamba kusubiri kunaongeza thamani, kwamba kadiri mashabiki wanavyokaa na njaa ndivyo watakavyokula kwa hamu. Siamini hivyo. Katika kisa hiki kila mwaka uliopita ulichukua kitu: mtayarishaji mmoja, mwongozaji, ndege, shule, ujana wa steringi, na kama tutakavyoona, sauti ya mwigizaji mmoja. Muda mrefu ni hasara tupu mpaka apatikane mtu wa kuitumia hasara hiyo.

Joseph Kosinski ndiye aliyepatikana. Alikuwa amesomea uhandisi na usanifu majengo, na tayari alikuwa amefanya kazi na Cruise katika Oblivion ya mwaka 2013. Mwaka 2017 alisafiri hadi Paris, ambako Cruise alikuwa akipiga picha za filamu nyingine, akapewa kama nusu saa katikati ya kazi. Hakuanza na ndege. Alianza na mtoto wa Goose: amekua, amekuwa rubani, amechukua jina la ndege kama baba yake, Rooster, yaani Jogoo, na ana kinyongo na Maverick. Sasa Maverick anaamriwa kumfundisha, kisha achague kama atampeleka kwenye safari ambayo huenda asirudi. Kosinski ameeleza kuwa alipomaliza, Cruise alichukua simu palepale, akampigia mkuu wa Paramount na kumwambia anataka kutengeneza Top Gun nyingine.

Tafakari wazo hilo linavyofanya kazi. Maverick tayari amemuua baba, hata kama tume haikusema hivyo. Akimpeleka mtoto na akafa, ameua wawili. Akimzuia, anamnyima kijana maisha yake, jambo ambalo tunakuja kujua kuwa aliwahi kulifanya: alizitoa karatasi za Rooster za kuomba kujiunga na chuo cha wanamaji, akamchelewesha miaka minne. Kwa nini? Mama yake Rooster, kabla hajafa, alimwahidisha kwamba kijana hatarusha ndege. Na Maverick hajawahi kumwambia ukweli huo. Anaona heri achukiwe yeye kuliko kijana amchukie marehemu mama yake.

Hapo kuna mtanziko wa kweli, wa aina ambayo watu wazima wanaijua: kumpenda mtoto wa mwenzio, kufanya jambo kwa ajili yake, na kuonekana adui kwa jambo lilelile. Huhitaji kuwa umeona filamu ya kwanza ili likuchome. Hapo ndipo waandishi waliponikosha zaidi. Wengi walioingia sinema mwaka 2022 hawakuwa wamezaliwa mwaka 1986, na bado walielewa kila kitu kwa sababu deni ni lugha ya kila mtu.

Kiti cha nyuma

Sasa mkono wa pili wa kazi: jinsi ilivyopigwa. Filamu ya kivita yenye hadithi nzuri na picha za uongo ingekuwa nusu filamu.

Mwaka 1986 waigizaji walipandishwa kwenye F-14 halisi, lakini picha nyingi za nyuso zao hazikufaa; tumbo liliwashinda. Ndiyo maana sehemu kubwa ya unachokiona ndani ya ndege katika ile ya kwanza kilipigwa chini, kwenye ndege bandia. Kwa ile ya pili Cruise alipanga mafunzo ya miezi kadhaa. Waigizaji walianza na Cessna 172, ndege ndogo ya wanaojifunza. Wakapanda kwenda Extra 300, ndege ya michezo ya angani inayopinduka na kujikunja. Kisha L-39, ndege ya jeti ya mafunzo. Mwisho F/A-18 yenyewe, ndege ya kivita ya filamu hii. Walifunzwa pia kujinasua majini, wakiwa wamefungwa mkanda na kupinduliwa ndani ya bwawa. Baada ya kila safari walijaza fomu ya maoni, na Cruise alizisoma mwenyewe na kurekebisha ratiba ya kila mmoja.

Jeshi halikuruhusu raia ashike usukani wa F/A-18, hata Cruise. Kwa hiyo walitumia ile ya viti viwili. Rubani wa jeshi alikaa mbele, mwigizaji nyuma, na ndani ya chumba hicho chembamba mpiga picha mkuu Claudio Miranda alifunga kamera sita zenye ubora wa skrini kubwa za IMAX. Kule juu hakukuwa na mwongozaji wala mtu wa vipodozi. Kosinski alibaki ardhini. Asubuhi walikaa kikao, wakapitia kila mstari na kila kona ya ndege, kisha mwigizaji akaondoka peke yake na rubani: awashe kamera mwenyewe, aangalie jua liko upande gani, ajitengeneze uso, aigize, huku akibanwa kitini kwa nguvu iliyofika mara saba, mara nane ya uzito wake. Mtu wa kilo 70 akibanwa mara saba, mwili wake unadai kilo 490. Wakishatua, wanakaa pamoja kutazama walichopata. Kama hakifai, wanaruka tena. Kosinski amesema kuna siku kazi ya saa kumi na kitu ilizaa sekunde 30 tu za kutumika. Mhariri Eddie Hamilton alikabidhiwa zaidi ya saa 800 za picha ili atoe filamu ya saa mbili na dakika kumi.

Ukitaka kuona faida yake, usiangalie ndege. Angalia mashavu. Wakati Rooster anapovuta ndege kupanda mlima, ngozi ya uso wake inateremka kama nguo iliyolowa, macho yanajaa damu, pumzi inatoka kwa mafungu mafupi yenye mkoromo. Hakuna mwigizaji anayeweza kuigiza hilo kwenye kiti kinachotikiswa na watu wanne. Mtazamaji hajui hesabu za mvutano, lakini mwili wake unajua. Nilijikuta nashika mikono ya kiti.

Wapo wanaosema siri ya mafanikio ni kwamba kila kitu kilikuwa halisi. Nakubaliana nao nusu. Kompyuta ilitumika, na filamu iliteuliwa kuwania Oscar ya madoido ya picha. Darkstar, ile ndege ya majaribio tunayoiona mwanzoni, ni ya kubuni, iliyosanifiwa kwa msaada wa wahandisi wa Lockheed Martin. Uhalisia una thamani hapa kwa sababu hadithi yenyewe inauliza kama mwili wa binadamu bado una kazi ndani ya ndege. Admiral mmoja, yaani afisa wa ngazi za juu wa wanamaji, anamwambia Maverick waziwazi kwamba wakati wa watu kama yeye unakwisha, kwamba kesho ni ya droni. Filamu inayobishana na kauli hiyo haiwezi kuitengeneza hoja yake kwa nyuso zilizochorwa. Umbo na maana vilishikana mikono. Filamu nyingine ikiiga ugumu wa upigaji picha bila kuwa na swali kama hilo, itapata picha nzuri tu.

Iceman anasimama

Val Kilmer, aliyecheza Iceman, aliugua saratani ya koo na kupoteza sauti yake. Kampuni nyingine ingemwandikia sentensi moja kwamba mhusika alistaafu. Cruise alishikilia kwamba bila Kilmer filamu haifanyiki.

Wakamwandikia tukio moja. Maverick anafika nyumbani kwa Iceman, ambaye sasa ni Admiral na ndiye aliyemkinga miaka yote asifukuzwe jeshini. Iceman hawezi kuongea. Anaandika kwenye kompyuta, maneno machache machache, na Maverick anajibu kwa mdomo. Tunasoma pamoja naye. Iceman anamwambia ni wakati wa kuachilia. Maverick, mtu ambaye tangu 1986 hatujawahi kumwona akikosa jibu, analengwa na machozi na kukiri kwamba hajui jinsi. Kamera haihangaiki. Kisha Iceman anainuka kwa shida na kusema kwa mdomo wake, sauti ikikwaruza, kwamba jeshi linamhitaji Maverick, na kijana yule anamhitaji Maverick. Wanakumbatiana. Halafu Iceman anauliza, kati yao wawili nani rubani bora, na Maverick anamwomba wasiharibu wakati mzuri.

Nimewahi kumwona mtu mzima akilia pale, na sikumshangaa. Kila hasara ya miaka 36 iko ndani ya chumba kile. Ugonjwa wa kweli wa mwigizaji umekuwa ugonjwa wa mhusika, bila kufichwa na bila kutumiwa kuomba huruma. Kilmer alifariki Aprili 2025, na tukio hilo sasa lina uzito ambao hata waliolitengeneza hawakuweza kuupanga.

Ni vizuri pia kuona walichokataa kukirudisha. Mwalimu aliyependwa mwaka 1986 hayumo, na hakuna anayemtaja. Badala yake yupo Penny Benjamin, aliyechezwa na Jennifer Connelly, jina lililotajwa tu kwa utani katika ile ya kwanza kama binti wa Admiral. Waliosema filamu imejaa kumbukumbu za zamani wanasahau hesabu hiyo. Kilichorudi kilirudi na kazi ya kufanya. Hata maandishi ya mwanzoni, yale yanayoeleza kuwa shule ilianzishwa tarehe 3 Machi 1969, yamerudi karibu neno kwa neno, ila pale ambapo zamani paliandikwa wanaume wachache waliohitimu, sasa pameandikwa wanaume na wanawake. Tofauti ya neno moja, na unajua kwamba walioandika walikuwa macho.

Kisa cha pembeni

Kuna filamu inayosaidia kuthibitisha hoja hii kwa kukosa kwake. Independence Day ya 1996 iliingiza zaidi ya dola milioni 800. Mwendelezo wake ulikuja miaka 20 baadaye, mwaka 2016, kwa bajeti ya kama dola milioni 165, ukaishia chini ya dola milioni 400. Will Smith hakurudi. Mhusika wake aliuawa nje ya hadithi, kwenye ajali ya majaribio ya ndege, na nafasi yake ikachukuliwa na mwanawe wa kambo, naye rubani.

Tazama jinsi vifaa vinavyofanana: rubani mkongwe, kifo, kijana anayerithi. Lakini filamu ya kwanza ilikuwa imefunga hesabu zake zote. Wavamizi walishindwa, dunia ikashangilia, hakuna aliyebaki akidai. Basi mwendelezo ulichoweza kufanya ni kuleta wavamizi walewale wakiwa na meli kubwa zaidi. Ukubwa uliongezeka, sababu haikuongezeka. Watu wengi hulaumu kukosekana kwa Will Smith, nami nadhani hata angekuwepo angekuwa anazunguka ndani ya nyumba isiyo na mlango uliobaki wazi.

Ambayo siyapendi

Siwezi kuichambua filamu hii kwa haki nikanyamazia kasoro zake. Adui hana jina, hana uso, hana lugha. Tunaambiwa kuna kiwanda cha kurutubisha madini ya urani, kinapaswa kulipuliwa, basi. Marubani wa upande ule wamefunikwa vioo vyeusi kana kwamba si watu. Ni uamuzi wa kibiashara na wa kidiplomasia kwa pamoja, na unainyima filamu kitu, kwa kuwa hadithi inayojali sana uhai wa kijana mmoja haimjali hata kidogo mtu wa ndege ya pili. Ushirikiano na jeshi nao una gharama yake. Mwenye ndege ana kauli juu ya hati ya filamu. Wasiwasi aliokuwa nao Cruise mwaka 1990 haujajibiwa hapa. Umewekwa kando.

Mapenzi ya Maverick na Penny ni ya kupumzisha tu, ingawa Connelly anayabeba kwa heshima. Na vijana wengine darasani, ukiondoa Hangman na Phoenix, wamechorwa kwa mstari mmoja mmoja.

Hata hivyo kasoro hizo hazigusi uti wa mgongo. Mtazamaji anasamehe mengi pale ambapo anajua anachosubiri. Hapa anasubiri jambo moja: Maverick na Rooster watazungumza lini?

Mlango wa sinema

Filamu ilipaswa kutoka Julai 2019, ikasogezwa hadi Juni 2020 ili matukio ya angani yakamilishwe vizuri. Kisha likaja janga la korona. Tarehe zikahamishwa tena na tena, na kampuni nyingi wakati huo zilipeleka filamu zao moja kwa moja kwenye huduma za kutazamia nyumbani. Hii ilibaki kabatini. Cruise alipoulizwa kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2022 kama waliwahi kufikiria njia hiyo, alisema hilo lisingetokea kamwe.

Ilitoka Mei 27, 2022. Wikendi ya kwanza, siku tatu, iliingiza dola milioni 126 na zaidi Marekani na Kanada; Cruise hakuwahi kufungua na zaidi ya milioni 100 maisha yake yote, na alikuwa na miaka 59. Lakini takwimu ninayoithamini ni ya wikendi ya pili. Filamu kubwa kwa kawaida hupoteza nusu ya watazamaji wake au zaidi. Hii ilipungua kwa asilimia 29 tu. Maana yake watu walitoka ndani na kwenda kuwaambia wengine. Hamu ya zamani inaweza kujaza ukumbi Ijumaa ya kwanza; Ijumaa ya pili hujazwa na filamu yenyewe. Iliishia na dola bilioni 1.49 duniani, milioni 718 kati yake zikitoka Marekani na Kanada, bila kuonyeshwa China. Iliteuliwa kuwania Oscar sita, ikiwemo ya filamu bora, ikachukua ya sauti.

F-14

Nirudi kwenye deni, kwa sababu nimeacha sehemu ya malipo.

Kwenye safari ya mwisho kombora linamwelekea Rooster naye amemaliza vya kulihadaa. Maverick anaingiza ndege yake katikati na kutunguliwa badala yake. Ilikuwa rahisi kumalizia hapo: mzee anakufa kwa ajili ya mtoto, deni limelipwa, muziki. Waandishi walilikataa jibu hilo, na nadhani walikuwa sahihi, kwa kuwa kifo kingekuwa njia ya Maverick kukwepa mazungumzo. Rooster anakaidi amri, anarudi, anaiangamiza helikopta iliyokuwa inamlenga Maverick aliye chini, naye anatunguliwa. Wanakutana msituni kwenye theluji, na jambo la kwanza wanalofanya ni kufokeana kama baba na mwana.

Kisha wanaiba ndege ya adui. Ni F-14, chuma kilekile kilichostaafishwa 2006, cha viti viwili. Maverick anapanda mbele. Rooster anapanda nyuma, na hajui vitufe vya kule. Anavipapasa kimoja kimoja, anauliza hiki ni cha nini, na Maverick anamjibu kwamba hayo yalikuwa mambo ya baba yake.

Baada ya kutua salama, Maverick anamshukuru kijana kwa kumwokoa, naye kijana anasema alilofanya ndilo ambalo baba yake angelifanya. Maverick hana neno. Anamkumbatia. Na filamu inapofunga, skrini inaandika kwamba ni kwa kumbukumbu ya Tony Scott.